Niliyojifunza Japani: Amana njema, lakini tusisahau hodi

Ndugu msomaji, wahenga wetu walisema kutembea kwingi ni kuona mengi. Katika miaka miwili niliyoishi Japani kwa masomo, aliyenifundisha zaidi hakuwa profesa wa chuo, bali bibi mmoja wa zaidi ya miaka 80, jirani yangu wa mlango wa pili katika mji wa Kobe.

Nilifika Aprili 2017, kwani mwaka wa masomo nchini humo huanza mwezi huo. Ijumaa ya kwanza niliutafuta msikiti. Msikiti wa Kobe ulifunguliwa mwaka 1935, na ndio mkongwe kuliko yote iliyopo Japani leo. Ulisalimika mabomu ya mwaka 1945 yaliyoteketeza sehemu kubwa ya mji, ukasalimika tena tetemeko la Januari 17, 1995 lililoua watu zaidi ya 6,000. Humo nilisali bega kwa bega na Waindonesia, Wapakistani na Wajapani waliosilimu.

Mengine yalinifanya nijihisi niko nyumbani. Viatu huvuliwa mlangoni, mdogo humwinamia mkubwa, na mgeni hapiti bila kupewa chai. Mengine yalikuwa mtihani. Ilinibidi nijifunze kusoma maandishi ya pakiti moja baada ya nyingine, maana mvinyo wa mchele huingia hata katika mchuzi usiodhaniwa, na mafuta ya nguruwe katika biskuti.

Aibu yangu ya kwanza ilitokana na taka. Japani taka hutenganishwa: zinazoungua siku yake, chupa na makopo siku yake, plastiki siku yake. Mimi nilijaza zote katika mfuko mmoja nikauweka nje. Wazoaji waliuacha na kuubandika karatasi ya onyo. Jioni niliporudi nilimkuta bibi jirani amepiga magoti kando ya mfuko wangu, akichambua taka zangu kwa mikono yake. Hakunikaripia. Alisimama, akainama, akaomba radhi kwa kugusa vitu vyangu! Kesho yake aliniletea kalenda ya taka aliyoichorea picha, ili hata asiyejua kusoma Kijapani aelewe. Tangu siku hiyo sikukosea tena.

Miezi michache baadaye nilisahau pochi yangu ndani ya treni. Ilikuwa na kitambulisho na yeni 60,000, kodi yangu ya mwezi. Nilikwenda katika kibanda cha polisi karibu na kituo nikiwa nimekata tamaa. Siku ya pili nikaitwa. Pochi ilikuwapo, na hakikupungua kitu. Sheria ya huko humpa aliyeokota haki ya kudai zawadi ya kati ya asilimia 5 na 20 ya thamani ya mali, na mwenyewe asipopatikana kwa miezi 3 mali yaweza kuwa yake. Aliyeokota yangu hakutaka zawadi wala hakutaka nitajiwe jina lake.

Si kwamba Japani haina wezi, magereza wanayo. Lakini baada ya tsunami ya Machi 11, 2011, maelfu ya makasha ya chuma ya kuhifadhia fedha yaliokotwa vifusini yakakabidhiwa polisi ili watafutwe wenyewe. Sisi somo hili tunalo kwa jina la luqata: kilichookotwa chenye thamani hutangazwa mwaka mzima, na mwenyewe akija hurudishiwa. Nilijiuliza, je, tunaolisoma darsani tunalifuata sokoni?

Jibu la wenzetu nililiona katika shule moja ya msingi tuliyoalikwa. Baada ya chakula, ambacho wanafunzi wenyewe walikigawa, watoto wa miaka saba walichukua mifagio na matambara, wakafagia darasa, wakapangusa sakafu ya ujia. Mwalimu alifagia pamoja nao. Alitueleza kuwa mtoto hufunzwa mapema neno *meiwaku*, yaani usumbufu unaomfikia mwenzako kwa sababu yako. Taka yako isimsumbue mwingine, sauti yako isimsumbue abiria wa treni, kuchelewa kwako kusimpotezee mtu muda.

Nilitoka pale nikilisifu neno hilo. Sikujua kuwa lina upande wa pili.

Majira ya baridi ya mwaka wa pili, jioni moja, niliona gazeti la asubuhi bado limo katika kisanduku cha bibi jirani. Nilisita. Huko mtu haingii kwa mtu bila miadi, nami nilichelea kumsumbua. Nikapita. Asubuhi yake magazeti yalikuwa mawili. Nilibisha hodi, nikasikia sauti dhaifu. Bibi alikuwa ameanguka, amelala sakafuni usiku kucha asiweze kuinuka. Nilipiga simu namba 119, gari la wagonjwa likaja.

Alipona, Alhamdulillah. Nilipomtembelea hospitali, neno lake la kwanza lilikuwa kuniomba radhi kwa usumbufu. Mwanawe alikuwa Tokyo, na hakutaka kumpigia kwa sababu ana kazi nyingi. Nilimuuliza kwa nini hakugonga ukuta ili nisikie. Akanijibu kuwa alijua nina mtihani.

Yule aliyeweza kupiga magoti kuchambua taka zangu hakuweza kuniita nimwinue. Nami niliyelelewa mtaani ambako mtu akikosa kuonekana barazani asubuhi huulizwa, nilimwacha usiku mzima kwa kuogopa kubisha hodi. Mwaka 2024 polisi wa Japani walihesabu watu zaidi ya 76,000 waliofariki wakiwa peke yao majumbani, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa na umri wa miaka 65 au zaidi. Kila niisomapo hesabu hiyo, huyakumbuka yale magazeti mawili.

Wazazi wenzangu, tuwafunze watoto wetu kufagia wanapokaa na kurudisha kisicho chao. Kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, na amana ni amri. Lakini haki ya jirani nayo ni amri. Miji yetu nayo inaanza kujenga kuta ndefu na mageti, na wapo wazee wetu wasioonekana tena barazani. Tuwatume watoto wakawajulie hali, na tusione haya kwenda wenyewe.

Tumuombe Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kutunza amana na wenye kuwajali majirani. Amin.