Povu la zimamoto si la kuchezea

LORI la mafuta likipinduka barabarani kati ya Changamwe na Miritini, watu huja mbio, baadhi yao wakiwa na mitungi mikononi. Zimamoto wakishamwaga povu lao jeupe na hatari ya moto kupita, watoto nao hupata mchezo. Hulichota, wakarushiana, kisha wakaingia nalo nyumbani miguuni. Wazazi hucheka tu, kwani povu ni povu, sawa na la kufulia nguo.

Si sawa, msomaji.

Jaribu jambo hili nyumbani. Jaza maji karai, unyunyize pilipili manga juu yake, kisha udondoshe tone moja la sabuni katikati. Pilipili itakimbilia kandoni mara moja. Sabuni imejitandaza juu ya maji kwa utando mwembamba mno usioonekana kwa macho, na kuulegeza mvuto unaoukaza uso wa maji. Wataalamu huupima mvuto huo: maji safi huwa na 72 katika kipimo chao, maji ya sabuni karibu 30, na petroli kama 22. Kwa sababu hiyo maji ya sabuni hayawezi kutanda juu ya petroli. Huzama, nayo petroli ikaelea na kuendelea kuwaka.

Katika miaka ya 1960, jeshi la majini la Marekani likishirikiana na kampuni ya 3M lilitengeneza dawa yenye florini ya kuliondoa tatizo hilo. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia wa kaboni uliovikwa florini, mkia usiopenda maji wala mafuta. Kichwa hujichovya majini na mkia husimama ukielekea hewani, molekuli kwa molekuli, zimebanana kama abiria wa feri ya Likoni asubuhi. Mvuto hushuka hadi 16 hivi, chini ya ule wa petroli. Hapo maji yanayochuruzika kutoka kwenye povu hutanda juu ya petroli, yakaziba mvuke wake, na moto ukafa. Lita 3 tu za dawa hutosha kwa lita 97 za maji.

Changamwe, kwenye kiwanda kilichosafisha mafuta tangu 1963 hadi 2013, kwenye gati la Kipevu na uwanja wa ndege wa Moi, moto wa mafuta si jambo la kufikirika. Tangi likiwaka, mimi nitakuwa wa kwanza kuomba povu lolote lililopo.

Shida huanza moto ukishazimwa. Kaboni na florini zikishashikana, jua haliziachanishi, wala vijidudu vya udongoni. Mwilini dawa hizi hukaa kwenye damu kwa miaka. Kamati ya wanasayansi wa Marekani ilieleza mwaka 2022 kwamba zinahusiana na kolesteroli nyingi, chanjo kufanya kazi kwa udhaifu, watoto kuzaliwa na uzani mdogo, na saratani ya figo. Mwaka uliofuata, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliitaja mojawapo, PFOA, kuwa inasababisha saratani kwa binadamu.

Baadaye watengenezaji walileta dawa ambazo mkia wake una florini sehemu tu. Usidanganyike na neno hilo "sehemu". Vijidudu hula kile kipande kisicho na florini, na chenye florini hubaki palepale. Bora ni povu lisilo na florini kabisa, ambalo sasa lipo. Jimbo la South Australia lilipiga marufuku lile la zamani mwaka 2018. Kwa mazoezi, nionavyo, hakuna sababu ya kumwaga la florini hata ndoo moja.

Watoto wakiligusa, waogeshwe kwa maji mengi na nguo zifuliwe. Mwenye kisima Kisauni au Likoni, mahali ambapo mchanga na mawe ya matumbawe hupitisha maji upesi, asichote tena ikiwa povu limemwagwa karibu, mpaka maji yapimwe. Kuchemsha hakusaidii, wala dawa ya klorini. Maji yakipungua sufuriani, molekuli hizo hubaki na kuzidi ukali. Chujio la makaa yaliyotengenezwa maalumu hupunguza, mradi makaa yabadilishwe kwa wakati.