Udongo Usiotuama Maji, na Jinsi ya Kuutambua katika Nchi ya Tabora

Leo twataka kuzungumza habari za udongo upitishao maji vizuri, yaani udongo ambao mvua ikiisha kunyesha hauachi dimbwi juu yake wala haubaki umelowa siku nyingi chini yake. Labda mtu atasema, "Udongo ni udongo, mimi nimelima tangu utoto wangu, nifundishwe nini tena?" Naam, mkulima wa Unyamwezi anajua mengi, na majina ya udongo aliyorithi kwa wazee wake ni elimu kamili. Lakini kujua jina ni jambo moja, na kujua sababu ni jambo jingine. Watu wawili huweza kupanda mahindi ya mbegu moja, siku moja, wakanyeshewa na mvua ile ile; hata mwezi wa Februari shamba la mmoja ni kijani, na la mwenzake limegeuka manjano, na mahindi hayafiki magotini. Umbali kati ya mashamba hayo si maili, ni hatua hamsini tu za kuteremka. Huyu wa pili atanunua chakula mwaka mzima. Kwa hiyo si jambo la kuchezea.

Kwanza tuulize udongo watoka wapi. Katika nchi za kaskazini, kama Kanada na sehemu za Uingereza, Ujerumani na Marekani, zamani za kale barafu kubwa ilifunika ardhi, nene kuliko urefu wa vilima vyetu. Barafu ile ilitembea polepole, ikasaga miamba, ikasukuma mbele yake mawe, mchanga na mfinyanzi vikichanganyika pamoja, kama mtu akokotaye takataka kwa jembe. Ilipoyeyuka, yapata miaka 10,000 na zaidi iliyopita, iliacha kifusi kile mahali kilipokuwa. Wakulima wa huko hulima juu ya kifusi cha barafu, na shida yao ni mawe: kila mwaka jembe la kukokotwa laibua mawe mengine. Kwao pia kuna udongo utuamao maji na udongo usiotuama, nao huutambua kwa dalili zile zile nitakazozitaja.

Hapa kwetu barafu ya namna hiyo ilishuka katika milima mirefu tu, kama Kilimanjaro, Kenya na Ruwenzori, ikaacha huko matuta ya mawe chini ya mahali ilipo barafu ya leo. Unyamwezi haikufika. Udongo wa Tabora haukuletwa na kitu. Ulizaliwa papo hapo, kwa kuoza kwa jiwe la itale. Mmeyaona yale majabali makubwa ya mviringo yaliyopandana vilimani? Hayo ndiyo mama wa udongo wetu. Umri wake ni zaidi ya miaka milioni 2,500, na katika miamba ya dunia ni michache iliyo mizee kuliko hiyo. Mvua na joto hulila jiwe hilo kidogo kidogo. Chembe zake ngumu zing'aazo kama kioo hazikubali kuoza, nazo ndizo mchanga. Sehemu zake nyingine hulainika zikawa mfinyanzi. Na chuma kidogo kilichomo hushika kutu, kikatia rangi.

Basi sasa twende kwa miguu. Tuanze penye majabali, tuteremke hata mbugani, na tutazame chini tunapokwenda. Karibu na majabali udongo ni mchanga mnene, wa kijivu hafifu au rangi ya kahawia. Ndugu zetu Wasukuma huuita luseni. Maji hupita humo upesi mno, hata mmea huweza kuona kiu siku chache baada ya mvua. Tukishuka kidogo twafika penye mteremko mwanana, ambapo udongo una kina kirefu, rangi yake nyekundu au ya manjano yenye wekundu, mchanga na mfinyanzi kwa kiasi. Hapo ndipo ilipo miyombo mirefu, na mninga. Huu ndio udongo tunaousema leo. Tukizidi kushuka wekundu hupungua, udongo hupauka, na pengine jembe hugonga changarawe za chuma zilizogandamana kama jiwe. Maana maji yaliyopita chini kwa chini kutoka juu yalibeba chuma, yakakiacha hapo. Kisha twafika penye itogolo, udongo wa kijivu, mgumu kama sakafu wakati wa kiangazi, na telezi wakati wa masika. Miti yake ni mifupi na michache. Mwisho twafika mbuga yenyewe, mfinyanzi mweusi upasukao nyufa kiangazi, hata mguu wa ng'ombe waweza kuingia, nao ukinyeshewa hufumba na kushika maji kama sufuria. (Siku hizi watu wakisikia "mbuga" huwaza simba na watalii. Kwa mkulima neno hili lina maana nyingine.)

Mpango huu hurudiwa kilima baada ya kilima, kwa taratibu ile ile. Mzungu mmoja mtaalamu wa udongo, Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha uchunguzi cha Amani huko Usambara, aliuangalia mpango wa namna hii katika Afrika Mashariki, na mwaka 1935 akaupa jina la Kilatini, katena, maana yake mnyororo. Alisema kwamba udongo wa juu na wa chini usihesabiwe kuwa vitu mbalimbali visivyohusiana, kwa kuwa umefungamana kama pete za mnyororo: kinachotolewa juu ndicho kipokelewacho chini. Kuanzia Desemba 1935 hata Februari 1936 alisafiri katika sehemu nyingi za Tanganyika akichimba na kuandika. Alifariki mwaka 1942, na habari za safari ile zilipigwa chapa mwaka 1947. Neno lake latumika hata leo katika vyuo vya dunia nzima, na lilitoka katika ardhi yetu. Nadhani wanafunzi wetu wangepaswa kulijua kabla ya kukariri majina ya mito ya Ulaya.

Sasa, dalili. Chukua jembe na sururu, chimba shimo la kina cha futi nne, upande mmoja uwe wima kama ukuta, kisha utazame ukuta huo jua likiwa nyuma yako. Katika udongo usiotuama maji rangi ni moja, nyekundu, kahawia au manjano, toka chini ya tabaka la juu hata miguuni pako. Sababu yake ni hii: chuma hushika kutu penye hewa. Panapo hewa hapana maji yaliyosimama. Lakini mahali ambapo maji hukaa miezi kadhaa, hewa hufukuzwa, kutu huyeyuka na kuondoka, na udongo hubaki kijivu. Na mahali ambapo maji hupanda masika na kushuka kiangazi utaona mabaka, kijivu na rangi ya kutu vimechanganyika kama ngozi ya chui. Ukiona mabaka katika futi mbili za juu, jua ya kuwa hapo mizizi ya mahindi itazama.

Mabaka ni shahidi mzuri kwa kuwa hukumbuka miaka mingi, si mvua ya juzi tu. Tazama na mizizi: ikiwa imeteremka wima hadi chini, ni vema, ikiwa imepinda na kutambaa upande, iko tabaka ngumu iliyoizuia. Kisha jaza maji ndani ya shimo dogo la kina cha futi mbili, yaache yanywewe, ujaze mara ya pili. Katika udongo mzuri maji ya mara ya pili huisha muda wa saa chache. Katika itogolo utayakuta kesho yake yamekaa, na chura pengine yumo.

Lakini wekundu peke yake usikudanganye. Mnakumbuka habari za mpango mkubwa wa karanga? Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma watu watatu kutazama nchi. Wakaizunguka kwa wiki chache tu, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, halafu Urambo na Nachingwea. Udongo wa Kongwa ni mwekundu, wapendeza macho. Ila una mfinyanzi mwingi uliochanganyika na mchanga mkali, na mvua ikikatika hukauka ukawa kama tofali. Sasa fikirini tabia ya karanga: ua likiisha kufa, kijiti chake huinama, huingia ardhini, na huko ndiko punje hujifanya. Ardhi ikiwa ngumu kijiti hakiingii. Na hata kikiingia, wakati wa kuvuna karanga hazing'oki. Mchanga ule ulikula vyuma vya mashine vikaisha upesi, na mvua ya Kongwa nayo haikutosha. Mpango ukaachwa mwaka 1951, baada ya kupotea kama pauni milioni 36. Urambo, ambako udongo ni kichanga chepesi na mvua ni ya kuaminika zaidi, kilimo hakikukoma. Tumbaku ilishika mahali pa karanga, nayo ni mmea ambao hauvumilii kabisa maji ya kutuama. Wazee wa Ugogo wangeweza kuwaambia wageni wale habari za udongo ule bila malipo.

Tusiusifu udongo huu bila kutaja kasoro yake. Kitu kipitishacho maji hupitisha na chakula. Mvua ya Tabora, kama milimita 900 kwa mwaka, hunyesha karibu yote kati ya Novemba na Aprili, na manyunyu ya kwanza huanza kuosha chumvi za nitrojeni zilizojikusanya kiangazi. Kwa hiyo apandaye mapema hupata chakula kabla hakijashuka kisikofikiwa na mizizi, naye achelewaye wiki tatu huambulia mabaki. Tena kichanga chetu kina mfinyanzi kidogo, wa namna isiyoshika rutuba kwa nguvu. Karibu nguvu yake yote imo katika mboji ya inchi chache za juu, ile ambayo moto wa porini huiteketeza kila Agosti. Wazee walilijua jambo hili. Desturi yao ya kufukia majani na magugu ndani ya matuta, kisha mwaka unaofuata kulipasua tuta na kulijenga upya mahali palipokuwa mfereji, ni njia ya kuurudishia udongo kilichoondolewa. Mtu apigaye sesa bapa juu ya kichanga, na kuyachoma majani ili shamba lionekane safi, apoteza mali yake kwa macho yake.

Njia ya zamani ya misafara nayo yatufundisha jambo. Kutoka Bagamoyo hata Tabora, na kutoka Tabora hata Ujiji, wapagazi walipenda kusafiri kiangazi, kwa maana masika mbuga hugeuka maziwa, na mabonde ya Malagarasi huwa kikwazo kikubwa. Ilipowezekana, kambi na vijiji viliwekwa penye mwinuko mkavu, karibu na ukingo wa mbuga ambapo maji yalipatikana kwa kuchimba. Burton na Speke walipofika Kaze mwezi wa Novemba 1857, na Livingstone alipokaa Kwihara mwaka 1872, waliishi katika nyumba za tembe, ambazo hazidumu penye ardhi ya kutuama maji, kwa kuwa ukuta wa udongo hunyonya unyevu toka chini na kumomonyoka. Miembe iliyobaki kando ya njia ile hadi leo, mingine mikubwa sana, imestawi penye udongo wa kina, mizizi yake ikishuka kutafuta maji ya kiangazi. Wakati huo huo Waarabu wa Unyanyembe walilima mpunga mabondeni. Maana yake, hawakuichukia mbuga, waliipa zao lake. Majaruba ya mpunga tunayoyaona siku hizi ukingoni mwa mbuga ni akili ile ile: tuta dogo la kuzuia maji mahali ambapo maji yenyewe hayataki kuondoka.

Basi viazi, mhogo, karanga na tumbaku viwekwe juu, na mahindi katikati penye udongo mwekundu wenye kina. Mpunga uwe chini. Penye itogolo afadhali pasilimwe, pachungwe ng'ombe.

Limebaki jambo la visima na vyoo. Udongo upitishao maji safi upesi hupitisha na maji machafu upesi, wala hauchagui. Choo kikichimbwa juu ya mteremko, na kisima chini yake katika ukingo wa mbuga, uchafu utasafiri katika mchanga hadi kisimani, na watoto watahara bila mtu kujua sababu. Choo kiwe mbali, mita 30 au zaidi, tena kisiwe upande wa juu wa kisima. Kama waweza kuchagua, chimba shimo lako la majaribio mwezi wa Februari kabla hujakata mti mmoja wala kuweka msingi wa nyumba, maana mwezi wa Septemba kila ardhi huonekana kavu, na mabaka tu ndiyo yatakayokuambia maji husimama wapi.