Haya Mbele ya Mwuzaji wa Gari

Wazee wetu walituusia tusinunue mbuzi aliye ndani ya gunia. Usia huu kila mmoja wetu aujua, na lau mtu angetuletea gunia lifurukutalo akatuambia tulipe kwanza ndipo tulifungue, tungemcheka. Lakini iko siku ambapo gunia hufunguliwa mbele yetu, mwenye mbuzi akatuambia, "Karibuni, mtazame," nasi kwa haya tukainamisha macho, tukalipa, tukaenda zetu. Kwa wengi katika zama hizi, siku hiyo ni siku ya kununua motokaa.

Ndugu wasomaji, twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu hawalitaji, ama kwa kuwa waliona dogo, ama kwa kuwa waliona la kuaibisha. Nalo ni ile hofu imshikayo mtu aketipo penye usukani wa gari asiyoizoea ili aijaribu, ilhali mwenye kuiuza ameketi ubavuni pake akimtazama. Tumewaona vijana hodari waliopasi mtihani wa udereva, na watu wazima walioendesha miaka mingi, wakibabaika katika dakika zile chache. Sisi tuandikao haya tumo miongoni mwao, na kubabaika kule kulitugharimu.

YALIYOTUPATA

Tulikuwa Mombasa. Fedha tulizokwenda nazo zilikuwa akiba ya nyumba nzima: sehemu ya mshahara wetu, na upatu alioucheza mama watoto miaka kadhaa bila kuugusa. Haja yetu kubwa ilikuwa mama yetu mzazi, ambaye miguu yake haikuweza tena kupanda matatu kwenda kliniki. Tulifuatana na mtoto wetu wa kiume, mwenye miaka tisa wakati ule, naye aliifurahia safari ile kama Idi.

Magari yalikuwa yamepangwa yadini safu kwa safu, yameoshwa yakang'aa. Kijana wa mauzo alitupokea kwa adabu njema, akatutolea gari moja ndogo iliyoletwa kutoka Japani, akatupa ufunguo, akaketi kushoto kwetu. Mtoto akaingia nyuma. Tukatoka kwenye barabara iendayo Daraja la Nyali.

Sisi tulijifunza udereva katika gari yenye klachi, na ile ilikuwa gari ya otomatiki. Basi mguu wa kushoto, kwa mazoea yake, ukatafuta klachi usiione, ukakanyaga breki. Gari ikasita ghafula, sote tukasukumwa mbele mpaka mikanda ikatushika. "Taratibu, mzee wangu," akasema yule kijana kwa tabasamu. Tulipofika penye kona tukavuta kijiti cha kushoto, maana gari tuliyoizoea ilitengenezwa Ulaya, na ishara zake za kukatia kona ziko kushoto. Kumbe katika gari za Kijapani ziko kulia. Badala ya taa kumetameta, waipa zikaanza kupangusa kioo kikavu, na jua la adhuhuri likiwaka. Nyuma yetu tuktuk ikapiga honi.

Tangu hapo hatukuwa tena tukiijaribu gari. Tulikuwa tukijaribiwa sisi. Fikira zetu zote zilimwelekea yule kijana: Je, atuonaje? Adhani hatujui kuendesha? Kama gari ilikuwa ikivuta upande, au gia zake zikichelewa kuingia, hatukuwa na nafasi ya kuyajua hayo.

Tulipogeuza kurudi, hali usukani umekatwa mpaka mwisho, ukasikika mlio upande wa mbele: ta, ta, ta. Mtoto akauliza, "Baba, ni nini kinachogonga?" Nasi tuliusikia wazi. Lakini tulimwambia, "Nyamaza, usinipotezee fikira." Kijana wa mauzo hakusema kitu, wala sisi hatukumwuliza. Siku ile ile tukalipa.

Haikutimia miezi miwili, gari ikakataa kwenda. Fundi aliinyanyua, akatuonyesha kiungo cha ekseli katika gurudumu la mbele: mpira wake ulikuwa umepasuka zamani, grisi imetoka, mchanga umeingia, na vyuma vimelika. Malipo ya ufundi yalitoka katika fedha za karo. Mama yetu alirudi kupanda matatu, akishikwa mkono huku na huku. Na yule mtoto, aliyekuwa amechuchumaa karibu na fundi, alituuliza kwa upole, "Baba, si ndio ule mlio wa siku ile?" Hatukuwa na jawabu ila kumwomba radhi.

KWA NINI MTU HUBABAIKA

Hofu hii si ishara ya ujinga wala ya udhaifu wa akili. Robert Zajonc, mzaliwa wa Poland aliyekuwa mwalimu wa elimu ya nafsi katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, aliandika mwaka 1965 kwamba kuwapo kwa mtazamaji humwamsha mtu, na kule kuamshwa hulipa nguvu lile alilolizoea zaidi. Ikiwa kazi ni ya mazoea, huifanya vizuri zaidi mbele ya watu. Ikiwa ni ngeni, yale mazoea ya zamani hujitokeza mahali pasipo pao, naye akakosea. Mwaka 1969 yeye na wenzake walitangaza majaribio waliyoyafanya kwa mende. Mende akikimbia mwanga katika njia iliyonyoka, alikwenda upesi zaidi walipokuwapo mende wengine wakimtazama. Lakini njia ilipokuwa na kona za kumchanganya, watazamaji walimchelewesha.

Basi mguu wetu uliotafuta klachi haukuwa mpumbavu. Ulifanya ulilofundishwa, na macho ya mtu mwingine yakauhimiza. Ajuaye hivyo hatajilaumu kupita kiasi, bali atatafuta njia ya kuyapunguza mageni kabla ya kuwasha moto.

HAYA NJEMA NA HAYA ISIYO MAHALI PAKE

Kosa letu halikuwa zile waipa. Kosa letu lilikuwa kunyamaza. Tuliiacha aibu ya gari ifichike kwa kuogopa aibu yetu wenyewe. Nasi tulijidanganya kwamba ile ndiyo haya tuliyofunzwa na wazazi, ambayo Mtume s.a.w. ametufundisha kuwa ni tawi la imani.

Hebu tumtazame Mtume mwenyewe. Masahaba wameeleza kwamba alikuwa na haya kuliko mwanamwali aliye ndani. Na yeye huyo mwenye haya kuliko watu wote ndiye aliyepita sokoni, akaona lundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta umajimaji. Alimwuliza mwenye mali sababu yake, akaambiwa ni mvua. Akamwuliza kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika watu wake. Haya yake haikumzuia kuingiza mkono mbele ya mwenye lundo, wala kuuliza. Haya humzuia mtu na ubaya. Impeperushayo na haki yake ni woga uliovaa kanzu ya haya.

Tena sheria yetu imempa mnunuzi nafasi pana. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yafuatwayo na wengi wa watu wa pwani yetu, kauli yenye nguvu ni kwamba kuuza kitu ambacho hakikuonekana hakusihi. Wanunuzi na wauzaji wana hiari ya kuvunja maadamu hawajaachana mahali pao. Waweza pia kushartiana hiari ya muda usiozidi siku tatu. Na mnunuzi akiona aibu iliyokuwapo kabla hajakabidhiwa kitu, naye hakuijua, ana haki ya kukirudisha, mradi asichelewe. Imepokewa pia kwamba mtu mmoja alimshitakia Mtume kuwa yeye hudanganywa katika biashara. Mtume hakumcheka kwa udhaifu wake. Alimfundisha amwambie kila afanyaye naye biashara kwamba pasiwe na hadaa. Huyu ndiye ndugu yetu sote tubabaikao: alipewa neno la kusema, akalisema.

Serikali nayo ina sheria yake. Sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa, iliyofuata mfano wa ile ya Uingereza ya mwaka 1893, haimkingi mnunuzi aliyekikagua kitu na aibu ambayo ukaguzi ule ulipasa kuifichua. Kwa hivyo kuijaribu gari kwa macho yaliyofumba kwaweza kumdhuru mtu kuliko alivyodhani. Mficha uchi hazai.

YAPASAYO KUTENDWA

Kwanza, nenda na mwenzio, na bora awe fundi umwaminiye. Mmoja aendeshe, mwingine asikilize. Na ukiona huwezi kabisa, fundi aendeshe nawe uketi kando. Hapana aibu katika hilo.

Pili, iguse boneti kabla ya kuwasha. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini, maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha moshi na mlio wa asubuhi.

Tatu, keti kwanza. Rekebisha kiti na vioo, jua ziliko taa, waipa na ishara, kanyaga breki uione ilivyo. Kama gari ni ya otomatiki, urudishe mguu wa kushoto nyuma na uuache huko. Hizi dakika tano ndizo zigeuzazo kitu kigeni kuwa cha mazoea.

Nne, mwambie mwuzaji waziwazi: "Gari hii ni ngeni kwetu, tutakwenda polepole, na twaomba tusizungumze ili tusikilize." Redio izimwe. Hofu ikisha kutajwa hupungua nusu, na mwuzaji mwema hatachukia. Hakikisha pia kuwa gari ina bima kabla hujaitoa barabarani.

Tano, chagua njia wewe. Anza mahali palipo kimya, kisha mlima, kisha barabara yenye mashimo ili zisikike shokomzoba. Mahali palipo salama, funga breki njia ikiwa imenyoka uone kama gari yavuta upande, na ukate usukani mpaka mwisho kulia na kushoto ukienda polepole. Ukisikia kitu, simama uulize papo hapo.

Sita, usilipe siku hiyo. Rudi nyumbani, shauriana na jamaa zako, sali istikhara, ulale. Gari ikienda kwa mwingine, haikuwa riziki yako.

NENO KWA DADA ZETU

Dada zetu wengi leo huendesha na hununua kwa fedha zao, na kwao jambo hili lina uzito wa namna mbili: ile hofu tuliyoieleza, na kule kuwa peke yake garini na mwanamume wasiyejuana. Hili la pili si la kuvumiliwa kwa kuogopa kuonekana msumbufu. Na afuatane na mumewe, au kaka yake, au mjomba wake. Hivyo atahifadhi heshima yake, na papo hapo atapata masikio ya pili. Lakini huyo aliyefuatana naye asimpokonye kazi. Gari ni yake, maswali ni yake. Bibi Aisha r.a. aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Basi isiwazuie dada zetu kuuliza juu ya breki.

NENO KWA WAUZAJI

Nanyi vijana wa yadini, wengi wenu ni wana wetu, na riziki yenu ni ya halali. Yule kijana wetu, kama aliujua mlio ule, hilo ni baina yake na Mola wake. Kama hakuujua, swali letu lingalimfaa yeye pia. Mwonapo mnunuzi ametoka jasho, msiutumie ubabaikaji wake. Mwambieni, "Chukua muda wako," kisha tazameni njia, msimtazame yeye. Na aibu mwijuayo iwekeni juu ya lundo, ionekane.

Kijana wetu sasa anakaribia umri wa kujifunza udereva. Tumemwahidi kwamba siku atakapokwenda kununua gari yake, sisi tutaketi kiti cha nyuma, na tukisikia kitu kinagonga tutasema, naye amekubali kusikiliza. Mwenyezi Mungu atujaalie haya ituzuiayo na ubaya, na ulimi usemao kweli katika kununua na kuuza kwetu. Amin.