Je, Wajua? Mpiga Debe wa Herufi 160

Sogea hapa kwenye benchi. Je, wajua kuwa ukurasa wa intaneti unaweza kuwa na mpiga debe wake? Ni sentensi moja au mbili zilizofichwa kichwani mwa ukurasa: ukiufungua huzioni, ila ukitafuta kitu Google huzianika chini ya jina la ukurasa ule. Mafundi huziita maelezo meta.

Na kama yule wa stendi ya Shinyanga anayelia "Kahama, Kahama, bado wawili!", usukani haugusi. Septemba 2009 Google ilisema wazi kwamba maelezo hayo hayaupandishi ukurasa hata ngazi moja kwenye orodha ya matokeo. Hata moja! Kazi yake ni kukuita wewe upande gari hili uache lile.

Pumzi yake je? Kwenye kompyuta Google huonyesha herufi kama 155 hadi 160, nafasi zikiwemo, halafu inatia nukta tatu na kukuacha njiani. Kikomo cha kuandika hakuna. Andika hata herufi 1,000 ukipenda. Zitakatwa tu.

Hiyo 160 umeikumbuka? Ndiyo ya SMS! Mwaka 1985, mjini Bonn, Mjerumani Friedhelm Hillebrand alikaa na taipureta akapiga sentensi na maswali ya kawaida, akihesabu kila herufi na kila nafasi. Karibu zote zilitosha ndani ya 160, na simu za dunia nzima zikafuata kipimo hicho. Tia emoji moja tu ya kucheka kwenye SMS yako, na 160 inashuka hadi 70. Kicheko ghali hicho.

Lakini shika hili: Google haihesabu herufi, inaangalia upana! Herufi "m" hula nafasi kubwa kuliko "i", kwa hiyo "mmomonyoko" hujaza mstari mapema kuliko "kilimilimi", ingawa yote mawili yana herufi 10. Hesabu mwenyewe, nakusubiri.

Desemba 2017 Google ilirefusha nafasi hadi herufi 320 hivi. Waandishi wakashangilia, wakajaza kurasa upya. Mei 2018 ikarudi kulekule kwenye 160!

Sasa hili ni letu sisi wenye ng'ombe. Je, wajua kuwa ritifaa, kile kikoma cha juu cha ng', inaweza kumkaba mpiga debe koo? Fundi akiyafunga maelezo kwa alama moja ya kunukuu badala ya mbili, kompyuta ikifika kwenye ritifaa inadhani sentensi imeisha. Unaandika "Mnada wa ng'ombe kila Jumamosi", watu wanasoma "Mnada wa ng". Basi! Ng'ombe wamebaki zizini. Na ukanda huu wa Shinyanga, wenye majina kama Ng'washi, alama hiyo tunayo kila siku.

Ila Kiswahili kinalipa kwingine. "Nimekununulia" ni neno moja, herufi 13. Mwingereza hulitafutia hilo maneno matano. Nani ana nafasi finyu hapo?

Wajua zinakopotelea herufi za wengi? "Karibu kwenye tovuti yetu." Hizo ni 26, na bado hujaambiwa kama wanauza saruji au wanang'oa meno. Ona hii ya nyumba ya wageni, nimeitunga hapahapa kwenye benchi: "Vyumba safi Songwa, jirani na Mwadui. Maji ya moto, umeme wa akiba, maegesho ya lori. Bei kuanzia shilingi 15,000. Piga simu usiku na mchana." Herufi 141, na dereva wa lori keshajua pa kulala, bei yake, na kwamba hata akifika saa nane usiku kuna wa kupokea simu.

Ukijisumbua hivyo, Google itakutii? Wapi! Mwaka 2020 kampuni ya Ahrefs ilipima ikakuta Google huyaweka kando maelezo ya mwenye ukurasa karibu mara 63 kati ya 100, na kujichotea maneno mengine humo ndani ya ukurasa. Kwa hiyo hata aya zako za kawaida zinaweza kuitwa kupiga debe bila taarifa.

WhatsApp nako kuna mpiga debe. Ukituma kiungo kwenye kundi, kile kijikadi chenye picha na maneno mara nyingi hutoka kwa ndugu wa maelezo meta, Open Graph, aliyezaliwa Facebook mwaka 2010.

Na kama unaona uchungu kukata maneno, chungulia hapo mgodini Mwadui. Mwaka 1947 ilipatikana almasi ya waridi ya karati 54.5, akazawadiwa Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, mwaka aliofunga ndoa. Ilipochongwa London ilibaki karati 23.6. Zaidi ya nusu iliondoka, na hiyo iliyobaki ndiyo aliyoivaa kifuani miaka na miaka!

Una Chrome kwenye simu ya Android? Andika view-source: mbele ya anwani ya tovuti ya duka au shule yako, kisha tafuta neno description. Usipolikuta, kazi ya leo jioni unayo.