Mizani Moja kwa Watoto wa Nchi Nyingi



Wewe mkulima wa pamba unaijua mizani. Unafika kituoni na pamba yako. Karani anaitundika, na wewe unatazama mshale. Kama nyumbani ulipata kilo 34 na hapa mshale umesimama kwenye 30, hutanyamaza. Utauliza. Utaomba pamba ipimwe tena, hata kama foleni ni ndefu na jua ni kali.

Sasa nikuulize jambo. Mtoto wako amekwenda shule miaka minne. Amevuna nini? Nani amempima, na kwa mizani gani?

Swali hili lilinikuta nyumbani kwangu, mimi Bwana Shamba ninayewafundisha wengine. Siku moja nilikuwa nachanganya dawa ya wadudu wa pamba. Mikono yangu ilikuwa imelowa. Nikamwita kijana wangu wa darasa la nne anisomee maandishi ya chupa. Akaishika chupa vizuri, akasoma kwa sauti kubwa: "Dawa hii ni nzuri kwa pamba. Tumia kila wiki mbili."

Chupa haikuandikwa hivyo. Hayo yalikuwa maneno yangu mwenyewe. Alinisikia nikiwaambia wakulima mkutanoni.

Jioni nikamwambia alete kitabu chake cha shule. Akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Nikaufunika ukurasa kwa kiganja. Akaendelea kusoma vilevile! Alikuwa amekariri kitabu chote kama wimbo. Nikamwonyesha neno moja katikati ya mstari, akanyamaza.

Wewe uliyejifunza kusoma ukubwani unaelewa aibu niliyoipata. Unajua jinsi mtu asiyejua kusoma anavyoficha. Husema amesahau miwani. Husema taa ni hafifu. Mtoto naye huficha, na darasa likiwa kubwa hakuna wa kumgundua.

Nilidhani ni shida ya nyumba yangu tu. Kumbe nchi nyingi za upande wetu wa Afrika zilikuwa zinauliza swali hilohilo, na zilikuwa zimekaa pamoja kulitafutia jibu. Hiyo ndiyo habari ninayokuletea mwezi huu.

MILANGO ILIPOFUNGULIWA

Malawi iliondoa ada ya shule za msingi mwaka 1994. Uganda ilifuata mwaka 1997. Tanzania iliondoa ada hiyo mwaka 2001, na Kenya mwaka 2003. Watoto walimiminika shuleni. Wengine walikaa sakafuni, wengine walisoma chini ya mti. Lilikuwa jambo jema, na mimi sitaki mtu aliseme vibaya.

Baada ya hapo kila nchi iliweza kutaja idadi ya watoto walioingia darasani. Kuhesabu vichwa si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kujua kilichomo ndani ya vichwa. Kila nchi ilikuwa na mtihani wake, na mtihani wa Zambia huwezi kuulinganisha na mtihani wa Kenya. Ni sawa na kijiji kimoja kupima mahindi kwa debe na kingine kwa kilo, halafu watu wabishane nani amevuna zaidi.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1995 wizara za elimu za nchi za Kusini na Mashariki mwa Afrika zilianzisha umoja wa kupima ubora wa elimu. Jina lake kwa kifupi ni SACMEQ. Chuo cha mipango ya elimu cha UNESCO, kilichoko Paris, kilisaidia kuwafundisha wataalamu wa wizara hizo kazi ya kupima. Katika upimaji wa kwanza ziliingia wizara saba: Kenya, Malawi, Morisi, Namibia, Zambia, Zimbabwe, na Zanzibar. Ilipofika mwaka 2007 zilikuwa wizara 15. Tanzania ilihesabiwa mara mbili, kwa kuwa Bara na Zanzibar kila upande una wizara yake ya elimu.

Walipima namna gani? Sisi tukitaka kujua udongo wa shamba hatuchimbi shamba lote. Tunachota koleo moja hapa, moja kule, tunachanganya, tunapeleka kupimwa. Wao walifanya vivyo hivyo. Shule zilichaguliwa kwa bahati nasibu, na ndani ya kila shule wakachaguliwa wanafunzi wa darasa la sita. Mwaka 2007 walipimwa wanafunzi zaidi ya 61,000 katika shule karibu 2,800. Walipewa maswali yaleyale ya kusoma na ya hesabu. Watoto wa Bara waliulizwa kwa Kiswahili, wa Msumbiji kwa Kireno, na katika nchi nyingi nyingine kwa Kiingereza.

Tena waliulizwa mambo ya nyumbani. Je, kuna vitabu? Kuna taa? Mtoto anakula mara ngapi? Na jambo hili lilinifurahisha: katika nchi nyingi walimu nao walipewa mtihani. Si kila mwalimu aliyependa.

TULIKUWA WA KWANZA, LAKINI

Wastani wa kipimo chao uliwekwa kwenye alama 500. Mwaka 2007, katika kusoma, Tanzania Bara ilipata 578. Kenya ilipata 543. Malawi na Zambia zilipata 434 kila moja. Sisi wa Bara ndio tulioshika nafasi ya kwanza.

Nilipoziona hesabu hizi nilifurahi sana. Kisha nikamkumbuka kijana wangu na ile chupa.

Tufikiri pamoja, ndugu msomaji. Mtoto wetu alipimwa kwa Kiswahili, lugha anayofundishiwa na anayoisikia sokoni. Mtoto wa Malawi alipimwa kwa Kiingereza, lugha asiyoisikia nyumbani kwao. Hilo lazima tulipime nalo. Pia mizani hii iliwapima wale tu waliofika darasa la sita. Aliyeacha shule darasa la tatu akaenda kuchunga hakupimwa. Na kuwa mrefu kuliko jirani si ushahidi kwamba umefika darini.

Kwa hiyo ilitakiwa mizani ya pili, mizani inayoingia nyumbani. Mwaka 2009 watu wa Kenya, Uganda na Tanzania walianza kazi iliyoitwa Uwezo. Hii haikuwa kazi ya wizara. Ilikuwa ya wananchi. Wazo lenyewe lilitoka India, ambako tangu mwaka 2005 watu wa kujitolea walikuwa wakienda vijijini na karatasi moja tu, wakimwambia mtoto: soma hapa.

Hapa kwetu nao walipita kaya kwa kaya. Mtoto alipimwa nyumbani, awe anasoma shule au ameacha. Kipimo kilikuwa kazi ya darasa la pili, hata kama mtoto ana miaka 16. Mzazi aliambiwa matokeo hapohapo, mtoto akiwa amesimama mbele yake.

Taarifa za miaka ile ya kwanza zilishtua watu katika nchi zote tatu. Kati ya watoto wa darasa la tatu, hakufika hata mmoja katika kila watatu aliyeweza kusoma na kuhesabu kwa kiwango cha darasa la pili. Wakenya hawakuweza kuwacheka Waganda, wala Waganda kutucheka sisi. Ugonjwa ulikuwa mmoja.

Mizani haiongezi pamba, hilo najua. Lakini ukishajua uzito huwezi kujidanganya tena. Mwaka 2015 Tanzania Bara ilianza mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili, uliotilia mkazo kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwaka huohuo Kenya nayo ilieneza mpango wa kufundisha kusoma katika madarasa ya mwanzo, uitwao Tusome.

MIZANI YA NYUMBANI KWAKO

Wewe huna haja ya kungoja mtu wa kupima afike. Mizani unayo mkononi sasa hivi. Ni gazeti hili.

Mwite mtoto wako aliyefika darasa la tatu au zaidi. Mwonyeshe silabi moja moja: ma, ki, shu. Akiweza, mwonyeshe neno moja, lakini lichague katikati ya mstari ili asikisie. Halafu sentensi moja. Halafu asome ile sehemu ya kwanza ya habari hii, kuhusu mizani ya pamba. Akimaliza, lifunike gazeti umwulize: mkulima alipata kilo ngapi nyumbani? Karani alipata ngapi? Akisoma vizuri na asijibu, bado hajasoma. Ametoa sauti tu.

Akishindwa usimpige. Mimi nilitaka kumpiga wangu, mama yake akanizuia. Badala yake nilikwenda kumwona mwalimu. Nilikwenda na hasira, nikakuta darasa la wanafunzi 87 na vitabu 11. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Bwana Shamba, wewe ukipewa mashamba 87 uyapalilie peke yako kwa jembe moja, utavuna kiasi gani?" Sikuwa na jibu. Tukapeleka jambo hilo kwenye kamati ya shule. Mkutano wa kwanza tulikuwa wazazi watano. Wa pili tulikuwa zaidi ya thelathini. Tulikubaliana tununue vitabu kwanza, na rangi ya ukuta isubiri. Walikuwapo waliotaka rangi.

Nyumbani tulianza kusoma kila jioni kabla ya chakula. Hatukuwa na vitabu vya hadithi. Tulisoma mfuko wa mbegu, kalenda ya chama cha ushirika, karatasi ya sukari na magazeti ya zamani. Mama yake alikuwa amemaliza kisomo cha watu wazima muda si mrefu, kwa hiyo alisoma naye. Mara nyingine yeye ndiye aliyeulizwa na mtoto.

Msimu uliofuata nilimpa chupa ya dawa tena. Safari hii alisoma polepole, kidole chake kikifuata mstari. Alikwama mara mbili, akarudia. Alipofika kwenye maneno yanayokataza kunyunyiza dawa wakati wa upepo, alinyamaza. Akainua uso, akatazama majani ya mwembe.

"Baba," akasema, "leo kuna upepo."

Tukarudisha bomba stoo.