Maharage hayana kosa: kumtunza mtoto mwenye upungufu wa G6PD

Mama mmoja alifika kambini kwetu akitokea Nyakabiga, mjini Bujumbura, na mtoto wa kiume wa miaka miwili. Nilipompima mtoto mkono, mkanda ulisoma njano. Nikauliza, "Mama, huyu hali maharage?" Akajibu, "Alikatazwa. Ana ugonjwa wa damu."

Alinionyesha karatasi ya hospitali, iliyoandikwa kwa Kifaransa: mtoto ana upungufu wa G6PD, asile fèves. Jirani alimtafsiria kuwa ni maharage. Tangu siku hiyo mtoto alikula ugali na mchuzi mtupu.

Fèves si maharage yetu. Ni punje kubwa bapa ambazo Misri na Sudan huzipika na kuziita ful. Hizo ndizo zinazokatazwa. Maharage tunayokula kila siku hayana kosa, na mtoto anayahitaji ili akue.

Ugonjwa huu ni nini?

G6PD ni kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Kikipungua, chembe hizo huweza kupasuka kwa wingi mtoto anapokutana na dawa au vitu fulani. Siku nyingine zote anacheza kama wenzake. Tatizo hili lilijulikana mwaka 1956 huko Marekani, wataalamu walipochunguza kwa nini dawa ya malaria iitwayo primakwini iliwapunguzia damu baadhi ya watu. Duniani wapo watu wapatao milioni 400 wenye upungufu huu, wengi wakitoka katika nchi zenye malaria kama zetu.

Mtoto huzaliwa nao. Hauambukizi, wala si kurogwa. Mama anaweza kuubeba bila kuugua, na kila mtoto wa kiume anayemzaa ana nafasi moja kati ya mbili ya kuupata. Basi, baba na mama mkwe, msimlaumu mama. Hakuna aliyechagua.

Mwepushe mtoto na haya:

- Vidonge vyeupe vya naftalini vinavyowekwa kwenye sanduku la nguo kufukuza wadudu. Harufu yake tu inaweza kumdhuru mtoto mchanga. Nguo zilizohifadhiwa navyo asivalishwe.
- Kupakwa hina.
- Dapsoni, nitrofurantoini, na primakwini bila ushauri wa daktari. Mwaka 2008 dawa ya malaria iitwayo Lapdap, iliyokuwa na dapsoni, iliondolewa sokoni kwa sababu hiyo hiyo.
- Dawa yoyote ya kununua sokoni bila kuandikiwa.

Usiogope kutibu malaria

Homa yenyewe na maambukizi pia huweza kupasua damu. Mtoto akipata homa, mlete apimwe siku hiyo hiyo. Dawa kama Coartem anaweza kumeza. Akishapewa, amalize dozi.

Kimbia kituo cha afya, hata usiku, ukiona:

- mkojo mweusi kama Coca-Cola;
- macho au ngozi kuwa ya manjano;
- viganja na midomo kupauka;
- kuhema haraka, kulegea au kukataa kunyonya.

Mtoto mchanga akiwa wa manjano siku ya kwanza au ya pili, usingoje wala usimwanike juani. Anahitaji matibabu hospitalini, maana umanjano mkali huharibu ubongo.

Jambo la mwisho ni dogo lakini linaokoa: mwombe muuguzi aandike "Upungufu wa G6PD" juu ya kadi ya mtoto. Ionyeshe kila anapopewa dawa, na mfundishe bibi, shangazi na dada anayemlea aseme hivyo hivyo. Karatasi usiyoielewa, tuletee sisi wahudumu wa afya tuisome pamoja.

Yule mtoto wa Nyakabiga tulimwandikisha kwenye lishe, na maharage yakarudi kwenye sahani yake. Baada ya wiki kadhaa mkanda ulisoma kijani. Mama yake sasa anaijua karatasi ile kwa moyo.