Nini humkinga mtu asijiue?

Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, WHO, watu wapatao 727,000 walijiua mwaka 2021. Hata hivyo, wengi wanaokata tamaa hawafikii hatua hiyo. Wataalamu wamekuwa wakichunguza ni nini kinachowakinga.

Mwaka 1897 mwanasosholojia wa Ufaransa, Emile Durkheim, alieleza kwamba kadiri mtu anavyofungamana na familia, dini na jamii yake, ndivyo hatari ya kujiua inavyopungua. Tafiti za baadaye zimeongeza mambo ya nafsini: matumaini, uwezo wa kutatua matatizo, na sababu za kuishi, kama vile watoto wanaomtegemea mtu.

Lakini je, aliyekwisha kujitenga anaweza kurejeshewa mafungamano hayo? Kuanzia mwaka 1969, daktari wa magonjwa ya akili Jerome Motto alilichunguza suala hilo mjini San Francisco, Marekani. Wagonjwa 843 walikuwa wametoka hospitali na kuacha matibabu. Baadhi yao, waliochaguliwa bila upendeleo, waliandikiwa barua fupi kwa miaka mitano. Barua hizo hazikudai lolote. Zilimjulia hali mgonjwa na kumwachia hiari ya kujibu. Katika miaka miwili ya mwanzo, vifo vya kujiua vilikuwa vichache zaidi miongoni mwa walioandikiwa.

Utafiti wa WHO uliochapishwa mwaka 2008 ulihusu watu 1,867 waliowahi kujaribu kujiua nchini Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China. Baada ya miezi 18, asilimia 2.2 ya waliopata huduma ya kawaida walikuwa wamejiua. Miongoni mwa waliopewa ushauri, kisha wakatembelewa au kupigiwa simu mara kwa mara, ilikuwa asilimia 0.2.

Salamu hazichukui nafasi ya tiba. Wataalamu wanashauri kwamba aliye katika hatari asiachwe peke yake, aondolewe karibu vitu anavyoweza kujidhuru navyo, na afikishwe kwa daktari haraka. Aidha, kumwuliza waziwazi na kwa upole iwapo anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo, bali humpa nafasi ya kuutua mzigo. Kwa aliye ugenini, ambako hodi za majirani ni adimu, simu ya ndugu au rafiki asiyechoka kumjulia hali inaweza kuwa kinga kubwa.